Naomba ushauri: umeme wa akiba wa chumba cha seva

fundi_wa_zamu:
Habari za kazi wakuu. Tuna chumba cha seva chenye mzigo wa kilowati 12, viyoyozi viwili vinavyokula kilowati 8 kwa pamoja, na vifaa vya mtandao vya volti 48 DC, kama kilowati 3 hivi. UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia seva umeme ukikatika) inashika dakika 15. Uongozi unataka tuongeze betri zifike saa 4 ili tusinunue jenereta. Moyo wangu unasita ila hoja ya kuwapelekea sina. Mnashaurije?

MzeeVolti:
Mkuu, waulize swali moja tu: kwa hizo saa 4, viyoyozi vitatumia umeme gani? UPS nyingi hubeba seva peke yake. Kilowati 12 zinazoingia kwenye seva karibu zote hutoka kama joto, na chumba kilichofungwa hupanda joto ndani ya dakika chache. Seva zitajizima zenyewe huku betri bado zina chaji.

Kazi ya betri za UPS ni kuvusha mpaka jenereta iwake. Jenereta iliyotunzwa huwaka na kupokea mzigo chini ya dakika moja, kwa hiyo dakika 15 zinatosha hata ikigoma kuwaka mara ya kwanza. Viyoyozi weka upande wa jenereta.

Vile vya volti 48 usivipitishe kwenye UPS. Vipe rektifaya zake (vifaa vya kugeuza umeme wa AC kuwa DC) na betri zake moja kwa moja. Huko betri za saa kadhaa zina maana, mzigo ni mdogo.

fundi_wa_zamu:
Asante mzee wangu. Jenereta ya ukubwa gani sasa?

Dizeli_na_Waya:
Jumlisha: 12 + 8 + 3 ni 23. Ongeza upotevu wa UPS na umeme wa kuchaji betri baada ya katizo, unafika kama 27. Jenereta ya kVA 40 kwa kipeo cha nguvu (power factor, sehemu ya kVA inayokuwa kilowati) cha 0.8 inatoa kilowati 32. Inatosha, lakini mwambie muuzaji akuhakikishie itahimili mshtuko wa kompresa za viyoyozi zinapoanza, na viyoyozi visiwake vyote kwa wakati mmoja. Usinunue dubwana pia. Injini ya dizeli inayozungushwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haichomi mafuta vizuri, masizi na mafuta mabichi hujaa kwenye ekzosi. Kwa mzigo wako hesabu kama lita 8 kwa saa.

binti_wa_raki:
Naongezea la mafuta. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipopiga New York, kituo kimoja cha data kilikuwa na jenereta ghorofa ya 17, ila pampu ya mafuta ilikuwa chini kabisa na maji yakaifunika. Watu walipandisha dizeli kwa ndoo, ngazi baada ya ngazi, ili jenereta isizime. Kwa hiyo kaka, fuata njia nzima ya mafuta: tangi, pampu, vichujio, na pampu yenyewe inapata umeme wapi.

Na betri za risasi zisikae kwenye joto. Zimepimwa kwa nyuzi 25. Ukizidi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu.

fundi_wa_zamu:
Hili la pampu sikulifikiria kabisa, nakagua leo. Majaribio yafanyikeje?

MzeeVolti:
Kila mwezi, na kwa mzigo halisi. Kuiwasha ikazunguka bure dakika tano hakukuonyeshi kitu. Zima swichi kuu ya umeme wa gridi, uangalie swichi ya kuhamisha mzigo kwenda kwenye jenereta ikifanya kazi yenyewe, UPS ikipokea umeme wa jenereta bila kurudi kwenye betri, viyoyozi vikiwaka tena bila kubonyezwa. Fanya saa ambazo watumiaji ni wachache, fundi akiwa amesimama pale. Betri ya stata (ya kuwashia injini ya jenereta) ipime kila safari, maana jenereta nyingi zikigoma, chanzo ni hiyo.