Urea ya jarubani inaishia mtoni

Swali: Wakuu, mpunga uko Usangu, mtaro wa kutolea maji unaangukia Ruaha Mkuu. Kila nikipiga urea mtaro unajaa mwani. Tatizo nini?

Jibu: Unafungulia maji mapema, urea inatoka nayo na kulisha mwani. Punguza maji hadi sentimita 2 hivi, ziba tundu la kutolea maji kwa matope, ndipo upige. Usifungue kwa siku 7. Kagua tuta pia, tundu moja la panya linavujisha mbolea usiku kucha.

Jibu: Na tuta liwe juu ya maji kwa sentimita 10 au zaidi, la sivyo mvua moja inafurika na kuondoka na urea.

Jibu: Mtaro msiukwangue mpaka udongo mtupu! Nyasi za kingoni hukamata tope, na fosforasi, kirutubisho kingine kinacholisha mwani, husafiri na tope.