Jumla ya mauzo kwa siku: triga au kroni?

mpigahesabu: Wakuu, kesho naanza kujenga jedwali la jumla, kwa kila duka kwa siku. Niweke triga (msimbo ambao hifadhidata huuendesha yenyewe data ikibadilika), au kroni (kazi ya kujiendesha kwa ratiba) ijumlishe upya?

fundi_seva: Hujataja hifadhidata, toleo, wala mauzo mangapi kwa sekunde. Tutapiga ramli?

mpigahesabu: Samahani mkuu. PostgreSQL 15, maduka 40. Jioni mauzo 30 kwa sekunde, nusu yake duka moja.

kisima: Triga. AFTER INSERT, ndani yake INSERT ... ON CONFLICT (duka_id, siku) DO UPDATE, yaani mstari wa jumla ukiwepo tayari, unasasishwa. Ukipakia kwa mafungu, tumia FOR EACH STATEMENT (triga mara moja kwa amri nzima) na REFERENCING NEW TABLE (inaona mistari yote mipya), ipo tangu toleo la 10. Mistari 10,000 ya duka na siku moja inakuwa sasisho moja.

fundi_seva: Hilo duka kubwa ndilo litakalomkwamisha. Kila muamala unafunga mstari uleule wa jumla, na kufuli haliachiwi hadi COMMIT, yaani muamala ukamilishwe. Programu ikisubiri jibu la malipo milisekunde 200 kufuli likiwa mkononi, duka hilo halipiti mauzo 5 kwa sekunde, na yeye anahitaji 15. Foleni inakua, miunganisho inaisha, mwisho hata maduka madogo hayauzi. Afadhali triga iingize tofauti tu, +5000 au -5000, kwenye jedwali la mabadiliko. Kila dakika kroni iyafute kwa DELETE ... RETURNING (inafuta na kurudisha kilichofutwa) na kuyaongeza kwenye jumla, ndani ya muamala mmoja.

kisima: Au afupishe muamala. Malipo hayapaswi kusubiriwa humo.

nanga: MATERIALIZED VIEW (matokeo ya hoja yaliyohifadhiwa) inatosha. REFRESH ... CONCURRENTLY (kuyahesabu upya bila kuzuia wasomaji) kila dakika 5, iwe na indeksi ya kipekee.

fundi_seva: Itajumlisha mauzo yote tangu siku ya kwanza, kila dakika 5!

mwanaduka: Triga ishike UPDATE nayo: toa OLD (thamani ya zamani), ongeza NEW (mpya), maana mauzo huhamishwa duka. TRUNCATE (kufuta jedwali lote kwa mkupuo) haiamshi triga za mstari. Kwenye MySQL, mistari inayofutwa na ON DELETE CASCADE (kwa sababu mstari mzazi umefutwa) haiamshi triga kabisa.

nanga: MySQL imeingiaje hapa?

mwanaduka: Wapo wanaoitumia, nao wanasoma. Halafu "siku" ni ya wapi? Seva ikiwa UTC, mauzo ya saa 8 usiku Dar es Salaam yanaangukia jana. Safu ya muda ni timestamptz, yaani inayozingatia saa za eneo?

mpigahesabu: Ni timestamp tupu. Programu moja inaandika UTC, nyingine saa za hapa.

fundi_seva: Basi anzia hapo. Triga isubiri.