Naomba ushauri: viashiria viwili vinanipa majibu tofauti

Ndugu walimu na wanafunzi wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, na nimekwama katika kemia kwa vitendo.

Nilipima kwa pipeti sentimita za ujazo 25 za myeyusho wa sodiamu kaboneti wenye gramu 10.6 kwa lita, yaani moli 0.1, nikaudondoshea kutoka kwenye bureti asidi hidrokloriki ya moli 0.2 kwa lita. Kwa kiashiria cha fenolfthalini (kiashiria ni kemikali inayobadili rangi kuonyesha mmenyuko umekamilika), rangi ya waridi ilitoweka kwenye sentimita za ujazo 12.40 za asidi; kwa methili oranji, njano iligeuka rangi ya chungwa kwenye 24.90. Nimerudia mara tatu, nikisuuza bureti kwa asidi yenyewe na kusoma kipimo kwa usawa wa macho, lakini tofauti imebaki ile ile, karibu nusu kamili, kiasi kwamba siamini tena kuwa ni kosa la mkono wangu.

Mlinganyo ninaoujua unadai moli mbili za asidi kwa moli moja ya kaboneti, na jibu la methili oranji pekee ndilo linaloafikiana nao. Je, fenolfthalini hubadilika rangi mapema, kaboneti ikiwa imegeuka bikaboneti tu? Na swali la mtihani likitaja kiashiria hicho, nitumie uwiano upi katika hesabu?

Natanguliza shukrani.