Filamu ya pati 2: inauzwa na jina ama na midomo ya watu?

Makadara Baraza
Jamani tuliongee hili, jana barazani hapa Mombasa kidogo tukosane. Mie nasema pati 2, yaani filamu ya muendelezo, wikendi ya kwanza inauzwa na ile filamu ya mwanzo, watu waliipenda basi wanaenda tu. Wikendi ya pili ndo midomo ya watu inafanya kazi. Angalieni filamu ya Joker. Ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1. Ya pili ikatoka Oktoba 2024, kule Marekani na Kanada ikaanza na karibu dola milioni 38, wikendi iliyofuata ikabaki kama milioni 7. Imeporomoka asilimia 81! Joaquin Phoenix yule yule, jina lile lile. Walioiona walitoka wakawaambia wenzao msiende.

Kibokoni1
Wapi bana. Matangazo ndo yanauza. Jurassic World Dominion ya 2022, nayo ni muendelezo, wakosoaji waliiponda vibaya na bado ikapita bilioni 1, hiyo midomo ilikuwa wapi? Halafu tuseme ukweli, nusu ya mnaobishana hapa, hasa nyinyi wa ng'ambo ya feri, tiketi hamjawahi kulipa, mwangoja kopi kwenye flashi.

Likoni Damu
Ng'ambo ya feri imeingiaje hapa?? Mie nalipa tiketi yangu, navuka, napanda matatu mpaka sinema ya Nyali, usiku narudi kwenye foleni ya feri nafika nyumbani saa sita. Ndo maana siendi kabla sijauliza watu wawili watatu walioiona. Weye wa karibu ukipoteza jioni moja si kitu, mie ni siku nzima.

Makadara Baraza
Kibokoni wakosoaji si watu wa kawaida. CinemaScore huwauliza watazamaji wenyewe siku ya kwanza, Dominion waliipa alama ya A-, Joker ya pili wakaipa D. Hiyo ndo midomo.

Kibokoni1
Likoni sikukutaja weye, mbona umeshtuka? Na kopi zipo, usikatae, maduka ya muvi yamejaa huko.

Likoni Damu
Huko wapi? Kwenu Mji wa Kale hayapo? Umetusi watu wazima hapa, uombe radhi.

Bi Tudor
Wanangu taratibu. Sie enzi za sinema za Regal na Naaz shoo ikiisha usiku, asubuhi majirani wote washajua kama filamu yaliza ama haina kitu, na bango liwe kubwa vipi, ikishaambiwa haina kitu huoni mtu pale. Chema chajiuza.

Kisauni Kijana
Shikamoo Bi Tudor, umenena. Lakini hata mwenye duka la muvi ni mdomo, yule wa kwetu hukwambia kabisa usichukue hii utajuta, na watu wanamuamini kuliko trela. Kwa hivyo anayeangalia kopi pia anaongea, na maneno yake yanafika kwa mwenye tiketi.

Kibokoni1
Kopi ni wizi. Kijana unatetea wizi mbele ya wazee?

Kisauni Kijana
Nani ametetea? Soma nilichoandika!

Makadara Baraza
Turudini kwa mada tafadhali. Puss in Boots: The Last Wish, Desemba 2022, ile ya kwanza ilikuwa 2011, watu washasahau. Ilianza Marekani na dola milioni 12 tu. Wikendi ya pili ikapanda badala ya kushuka, mwisho wake duniani ikapita milioni 480. Kama ni matangazo Kibokoni, mbona hayakuijaza siku ya kwanza?

Kibokoni1
Ile ni ya watoto, na ilikuwa likizo.

Makadara Baraza
Likizo ilikuwepo tangu wikendi ya kwanza!

Likoni Damu
Mwacheni. Kibokoni1, mie bado nangoja radhi yangu, na useme hapa mbele ya Bi Tudor mara ya mwisho weye kulipa tiketi ilikuwa lini.