Naomba ushauri: je, kuna msingi wa kulinganisha Kihmong na Kibodo?

Mwanafunzi wa Ngeli

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninasoma isimu ngazi ya uzamili, na pendekezo langu la utafiti limerudishwa kwa mara ya pili. Nilikusudia kuonyesha kwamba Kihmong, kinachozungumzwa kusini mwa China, Vietnam, Laos na Thailand, kina undugu na Kibodo cha Assam, kaskazini mashariki mwa India. Nilianza kwa kusoma maandishi ya wanaisimu wa China, ambao wengi wao hukiweka Kihmong ndani ya Kisino-Tibeti, yaani familia ya lugha yenye Kichina na Kitibeti, mahali ambapo Kibodo kimo bila ubishi.

Kisha nikapanga orodha ya maneno. Maji ni *dej* kwa Kihmong na *dwi* kwa Kibodo. Sita ni *rau* na *do*. Tisa ni *cuaj* na *gu*. Niliona pia kwamba lugha zote mbili zina silabi zinazoishia kwa konsonanti, mathalani *yim*, yaani nane kwa Kihmong, na *tham*, yaani tatu kwa Kibodo. Msimamizi wangu ameandika pembeni maneno matatu tu: "Undugu au ukopaji?" Naomba mnishauri kama niipanue orodha hii au nibadili mada, ilhali nimebakiwa na miezi minne.

Mkazi wa Saint Paul

Marahaba, mdogo wangu. Ninaishi Saint Paul, Minnesota, ambako familia nyingi za Wahmong zilihamia baada ya vita vya Laos kumalizika mwaka 1975, na mwenzangu kazini ndiye aliyenifundisha kusoma lugha yao. Kabla ya jambo lolote, iondoe hoja ya silabi. Maandishi ya Kilatini unayoyatumia yaliundwa Laos kati ya 1951 na 1953 na wamisionari, ambao waliamua kuonyesha toni, yaani kiwango cha sauti kinachotofautisha maana za maneno, kwa herufi za mwisho badala ya alama za juu. Herufi hizo hazitamkwi kama konsonanti. *Pob* ni mpira, *pog* ni bibi mzaa baba, *pom* ni kuona, na *po*, isiyo na herufi ya mwisho, ni wengu. Yote ni "po" ileile iliyobadilishiwa toni. Kwa hiyo *m* ya *yim* ni toni ya chini yenye sauti ya kukwaruza, wakati *m* ya *tham* ni konsonanti halisi ambayo Mbodo hufunga midomo kuitamka. Hata *Hmoob*, jina la watu wenyewe, halina "b": irabu iliyorudiwa huonyesha sauti ya puani, na "b" ni toni ya juu. Mimi niliitamka "b" hiyo kwa karibu mwaka mzima, na kwa adabu zao hakuna aliyenisahihisha.

Msomaji wa Isimu Historia

Nakubaliana na ndugu wa Saint Paul, nami niongeze kuhusu maji. Kihmong kina lahaja mbili kubwa: Hmong Weupe husema *dej*, lakini Mong Kijani husema *dlej*, na uhusiano huo wa *d* na *dl* hujirudia kwa utaratibu katika maneno mengi, kama *dev* na *dlev*, yaani mbwa. Hiyo *d* basi haikuwa *d* ya kawaida hapo kale. Upande wa Kibodo, jirani yake Kikokborok kina *twi*, Kidimasa kina *di* na Kigaro kina *chi*, kwa hiyo sauti ya kale inaelekea kuwa *t*. Maneno mawili yaliyotoka sehemu mbili tofauti yamekutana leo kwenye herufi moja, na mfanano wa namna hiyo hauthibitishi undugu.

Namba ndizo zenye utamu. Angalia zile ulizoziacha: mbili ni *ob* na *nwi*, tatu ni *peb* na *tham*. Hazikaribiani hata kidogo. Wapo wanaisimu, akiwemo Martha Ratliff, wanaoona kwamba namba za Kihmong kuanzia nne hadi tisa zilikopwa zamani sana kutoka lugha za Kitibeti-Kiburma, tawi la Kisino-Tibeti ambamo Kibodo kimo. Mswahili hapaswi kulishangaa jambo hili. Sisi tunahesabu moja, mbili, tatu, nne na tano za Kibantu, tunachukua sita na saba kwa Mwarabu, tunarudi nyumbani kwa nane, kisha tunakwenda tena kwa Mwarabu kuchukua tisa, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba Kiswahili kimezaliwa na Kiarabu. Msimamizi wako amekuuliza swali sahihi.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, usiitupe kazi yote. Achana na nasaba, ulinganishe miundo, kwa sababu hapo lugha hizi zinatofautiana kwa namna inayofundisha. Mhmong akisema ninakula wali husema *kuv noj mov*, mimi, kula, wali, na kitenzi hakibadiliki umbo. Mbodo husema *ang wngkham jayw*, mimi, wali, kula, na kitenzi chake hubeba kiambishi tamati. (Hiyo *w* ni irabu, usiisome kama "w" yetu, na matini rasmi utayakuta kwa Devanagari, hati inayotumiwa kuandika Kihindi, iliyokubaliwa mwaka 1975 baada ya mvutano mkali na waliotaka herufi za Kilatini.)

Jina ulilojichagulia linaonyesha mahali pa kwenda. Lugha zote mbili haziwezi kuhesabu vitu bila viainishi, yaani vipashio vinavyoonyesha aina ya kitu kinachohesabiwa. Kihmong huweka kiainishi kama neno linalojitegemea kati ya namba na nomino: *ob tug neeg*, watu wawili, *ib lub tsev*, nyumba moja, *ib daim ntawv*, karatasi moja. Kibodo hukibandika mbele ya namba yenyewe: wawili wakiwa watu ni *sanwi*, wakiwa wanyama ni *manwi*. Tazama jinsi hilo linavyofanana na wawili na viwili vyetu, ingawa kiambishi cha Kibodo hakiendelei hadi kwenye kitenzi kama ngeli zetu zinavyofanya.

Mwanafunzi wa Ngeli

Nawashukuru sana. Nimefuta sura ya undugu, na mada sasa ni viainishi vya namba katika Kihmong na Kibodo vikitazamwa kwa jicho la mzungumzaji wa lugha yenye ngeli. Kuna jambo moja bado linanitatiza: kamusi inatoa *tus* kwa watu na wanyama, lakini Mwalimu ameandika *tug*. Je, ni viainishi viwili?

Mkazi wa Saint Paul

Ni kimoja. Toni ya juu ya *ib*, *ob*, *peb*, *plaub* na *tsib*, yaani moja hadi tano, huweza kuibadilisha toni ya neno linalofuata, ndiyo maana *tus* huwa *tug*. Ukifika sita, ambayo haina toni hiyo, utasikia *rau tus*.