Namchora marehemu baba akicheza sataranji: macho yatazame wapi?

bin_Seremala (Bagamoyo)
Wakuu, salaam. Nachora kwa rangi za mafuta, kibanda changu hakiko mbali na Boma la zamani. Miezi miwili sasa nahangaika na picha moja tu: marehemu baba na jirani yake wakicheza sataranji barazani. Baba alikuwa seremala, kete alizichonga mwenyewe, nyeusi za mpingo na nyeupe za mchungwa. Farasi mmoja mweupe alipotea mchangani, na tangu hapo mpaka baba anafariki nafasi yake ilishikwa na kizibo cha soda.

Picha ya kamera ninayo moja, imepauka, na wote wawili wameinamia ubao. Nimewachora hivyo hivyo. Kila nikiitazama naona kofia mbili; baba simwoni. Waliochora jambo hili kabla yetu walifanyaje? Na kizibo, nikiweke, au nimrudishe farasi?

Mama_Raskazone (Tanga)
Mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Mtafute Sofonisba Anguissola, Mwitalia wa Cremona. Mwaka 1555 aliwachora wadogo zake watatu kwenye sataranji. Picha yenyewe iko makumbusho ya Poznań, Poland. Nakala yake niliitundika darasani miaka yote niliyofundisha kuchora.

Lucia, mkono ukiwa bado ubaoni, ametuinulia macho sisi. Minerva amemkazia macho Lucia na mkono kaunyanyua, utadhani anasema "ngoja kwanza". Mdogo mtu, Europa, anamcheka Minerva bila kujificha. Pembeni mtumishi wao mzee anachungulia. Dada wote watatu, hakuna aliyeinamia ubao, na bado unajua nani anashinda. Muinue baba macho.

Kete_Nyeusi
Kaka, mimi mchezaji tu, kuchora sijui. Ila hakikisha mraba wa kona, mkono wa kulia wa kila mchezaji, ni mweupe, na kama mchezo ndio unaanza malkia akae kwenye rangi yake. Ukikosea hapo, sisi tunaocheza hatutaona kingine. Kizibo usikiguse! Hicho ndicho kitakachonifanya niamini kwamba ubao huu ulichezewa kweli.

Mpwani_wa_Pangani
Namheshimu mama yangu, lakini si lazima wainue macho. Thomas Eakins, Mmarekani, mwaka 1876 alichora wazee wawili kwenye sataranji, na baba yake mzazi kasimama katikati yao. Wote watatu wanatazama chini. Picha ni ndogo, upana haufiki nusu mita, lakini ule ukimya unausikia. Baba mtu hachezi, anafuatilia tu, na ndiye picha nzima imejengwa kumzunguka. Kwenye droo ya meza Eakins ameandika kwa Kilatini kuwa kilichochorwa hapo ni kazi ya mwana wa Benjamin Eakins. Jina lake mwenyewe hakulitaja.

Mama_Raskazone (Tanga)
Ahsante mwanangu, umenikumbusha. Sofonisba naye aliandika ukingoni mwa ubao kwamba yeye ni binti wa Amilcare, na kwamba amewachora dada zake na mtumishi wao kutoka sura zao halisi. Binti Amilcare, bin Benjamin. Sisi wa pwani hatuhitaji kufasiriwa hilo.

bin_Seremala (Bagamoyo)
Nimesoma mara tatu. Jana usiku nilikwangua uso wa baba nikaanza upya. Jirani nimemwacha ameinama, ndivyo alivyokuwa, hata ukimsalimu haitiki mpaka asogeze kete. Baba ameinua macho kuelekea mlangoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nawatolea birika la kahawa, na kila nilipofungua mlango alinitazama hivyo, kidole kikiwa bado juu ya kizibo.

Kona nyeupe ilikuwa kushoto, nimeirekebisha. Kizibo ni chekundu, kimebonyea upande mmoja. Ukingoni mwa ubao nimeacha nafasi ya upana wa kidole, rangi ikikauka nitaandika jina lake.