Majivu ya kiwanda kwenye shimo la kokoto: tumshtaki nani?

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaojua sheria za mazingira na madini.

Huku Kunduchi, Dar es Salaam, tuna shimo la kokoto lililoachwa wazi. Sasa malori yanakuja usiku kumwaga majivu ya makaa ya mawe kutoka kiwandani. Vumbi la kijivu linaganda kwenye nguo tulizoanika, na mvua ikinyesha maji meusi yanateremkia kisimani kwetu. Majivu haya huwa na sumu kama aseniki na madini ya risasi, na watoto wanacheza humo humo!

Mwenye shimo anasema kiwanda ndicho kinachomwaga; kiwanda kinasema kilishamlipa mwenye lori. Wanatupiana mpira tu.

Nimesoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4 na cha 5: mwananchi anaweza kwenda mahakamani kudai mazingira safi. Marekani, tangu 1977, mchimba makaa huweka fedha za dhamana za kufukia shimo kabla hajachimba. Kwetu mwenye shimo anabanwaje?

Tuwashtaki wote pamoja? Tuanzie NEMC (baraza la taifa la mazingira) au mahakamani? Na sampuli ya maji tukiichota wenyewe na kuipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, itakubalika kama ushahidi?